Uadimu wa dola ya fedha haumo ndani ya sarafu

Wakusanyaji wengi wa sarafu za kale za Marekani huanza na kitabu cha bei, nami naamini hapo ndipo wanapopotea. Kitabu huonyesha idadi ya sarafu zilizotengenezwa kila mwaka katika kila kiwanda, na msomaji hudhani kwamba penye namba ndogo ndipo penye thamani. Kwa dola za Morgan, yaani dola za fedha zenye mchongo wa George Morgan, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1878 hadi 1904 na tena mwaka 1921, hesabu hiyo haisemi hata nusu ya ukweli.

Dola hizi hazikutengenezwa kwa sababu wananchi walizililia. Sheria ya mwaka 1878 iliilazimisha Hazina ya Marekani kununua madini ya fedha yenye thamani ya kati ya dola milioni mbili na milioni nne kila mwezi na kuyafanya sarafu, jambo lililowafurahisha sana wenye migodi ya magharibi. Watu wengi walipendelea noti, kwa kuwa dola moja ina uzito wa gramu 26.73 na kumi tu zinatosha kuchosha mfuko, kwa hiyo mamilioni ya sarafu yalitiwa katika magunia ya elfu moja moja na kufungiwa. Kisha sheria ya mwaka 1918 ikaruhusu ziyeyushwe, na zaidi ya milioni 270 zikaishia tanurini. Hakuna aliyeandika ni za mwaka gani wala za kiwanda gani.

Ndiyo maana dola ya mwaka 1903 ya kiwanda cha New Orleans ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sarafu adimu kuliko zote za aina yake, ingawa zilitengenezwa zaidi ya milioni nne, kwani wakusanyaji waliamini kwamba karibu zote zimeyeyushwa. Mwishoni mwa mwaka 1962 Hazina ilitoa magunia yaliyokuwa yamehifadhiwa Philadelphia, na dola hizo zikatoka zikiwa mpya kabisa. Bei ikaporomoka. Waliokuwa nayo walibaki na sarafu ile ile, yenye uzito ule ule na sura ile ile. Kilichobadilika ni habari ya ghala.

Nina dola ya mwaka 1889 ya New Orleans niliyoinunua kwa mzee mmoja muuza sarafu hapa Ohio, ambaye aliniambia kwa upole kwamba ni ya kawaida na kwamba kwa kuongeza kidogo ningepata inayong'aa. Nywele zilizo juu ya sikio la mwanamke aliyechongwa upande wa mbele zimelainika hadi mistari yake haionekani, na kifua cha tai aliye upande wa nyuma kimekuwa tambarare. Ile herufi O, alama ya kiwanda cha New Orleans, iliyo chini ya shada bado inasomeka ukiigeuzia taa. Vidole vya watu nisioweza kuwajua ndivyo vilivyoisugua hivyo, kaunta baada ya kaunta, na mimi siwezi kukubali kwamba kazi hiyo yote ni kasoro ya kupunguziwa alama.

Soko linafikiri vingine. Sarafu hupimwa kwa alama zinazofika 70, na tofauti ya alama moja juu huko inaweza kuzidisha bei maradufu. Sipingi uzuri wa sarafu mpya, kwani mchongo wa George Morgan unastahili kuonekana wote. Lakini mnunuzi ajue kwamba mng'ao huo mara nyingi ni wa sarafu iliyokaa guniani bila kununua hata mkate mmoja.

Kwa sasa ninatafuta dola ya Carson City, Nevada, ya kati ya mwaka 1882 na 1884. Zaidi ya nusu ya zilizotengenezwa huko katika miaka hiyo zilikuwa bado mikononi mwa serikali ilipoanza kuziuza kwa umma mwaka 1972, na hizo ndizo ninazoonyeshwa kila ninapouliza, safi na zisizo na mchubuko wa mfukoni. Ninayoitaka ni ile iliyotoka kiwandani ikaingia mitaani, ikalipia chakula au malazi, na kurudi ikiwa imechakaa. Nikiipata, sitaipeleka kupimwa.