Newton wa Grantham, Mpemba wa Magamba

Grantham si mji wa kuringia. Uko Lincolnshire, kaskazini ya London, mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni, na wengi wetu tuliofika pande hizi tumeletwa na mboga. Kuna mashamba, kuna viwanda vya kuosha na kufungasha karoti na kabichi, na kuna nyumba za kutunzia wazee ambazo haziishi kutafuta watu. Jumamosi kuna soko. Jumapili jioni unaweza kuikata barabara kuu yote usisalimiwe na mtu hata mmoja, na hilo sisi watu wa Tanga hatulizoei hata tukae miaka.

Katikati ya mji, mahali panapoitwa St Peter's Hill, mbele ya ukumbi wa zamani wa mji, amesimama Isaac Newton wa shaba. Sanamu ni kazi ya William Theed na ilizinduliwa Septemba 1858, miaka 131 baada ya mwenyewe kufariki. Mgeni rasmi alikuwa Lord Brougham, mwanasiasa mkongwe, na hotuba yake ilichapishwa. Nilipoyasoma hayo nilicheka. Kumbe ugonjwa wa mgeni rasmi hatukuuanzisha sisi.

Newton hakuzaliwa pale mjini. Alizaliwa Woolsthorpe, kijiji kilicho kama kilomita 12 kusini, Krismasi ya 1642 kwa kalenda yao ya wakati ule. Grantham alikuja kusoma, akapanga kwa muuza dawa. Mama yake akamwachisha shule ili asimamie shamba, kijana akawa mkulima wa hovyo kabisa, mpaka ndugu na mwalimu wakamwombea arudi darasani. Habari hiyo mzazi yeyote wa Usambara anaielewa bila kufafanuliwa. Shule yake bado ipo, na katika jengo la zamani kuna kizingiti cha dirisha chenye jina lake lililochongwa kwa kisu, kama wanafunzi watundu wanavyochonga madawati yetu. Kule Woolsthorpe mtofaa unaohusishwa naye, ule ambao inasimuliwa tunda lake lililoanguka lilimfanya awaze nguvu ya uvutano, bado unazaa. Dhoruba iliuangusha karibu na mwaka 1820, ukachipua tena kutoka shinani.

Kwangu mimi kizingiti na mti vinaishinda sanamu. Sanamu inakuambia alikuwa mtu mkubwa. Kizingiti kinamwambia mtoto wa kidato cha pili kwamba mtu huyu naye alichoshwa na somo, akatoa kisu.

Mji huo huo ndiko alikozaliwa Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza. Sanamu yake ilisimamishwa Mei 2022, si mbali na Newton, juu ya kiweko kirefu makusudi ili asifikiwe, na hazikupita saa nyingi akarushiwa mayai. Wengi husahau kwamba kabla ya siasa alikuwa mkemia, akafanya kazi katika kampuni ya vyakula ya J. Lyons. Watu hupenda kusema alishiriki kubuni aiskrimu laini, ingawa wanaofuatilia historia wanasema ushahidi ni mwembamba mno. Naitaja kwa sababu na mimi nataka kuzungumzia aiskrimu.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo, wengi wanaigombea. Mpemba akaona atakosa, akaingiza yake yangali moto. Mwenzake naye aliweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Wakati wa likizo akamwona rafiki yake anayeuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia kwamba huo ndio mtindo wake: huweka ikiwa moto ili igande upesi. Wauza aiskrimu walikuwa wanajua zamani.

Na hapa ndipo Newton anapoingia mwenyewe. Mpemba alipofika Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, mwalimu akawa anafundisha kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, kwamba kasi ya kitu kupoa inategemea tofauti ya joto lake na la mazingira. Kijana akauliza tena lile swali lake. Akajibiwa kwamba hiyo siyo fizikia ya dunia, ni fizikia ya Mpemba, na darasa likapata neno la kumtania. Alikuja kusikilizwa pale Dakta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, alipotembelea shule. Wanafunzi walicheka swali lilipoulizwa, lakini Osborne alirudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo la cha moto kutangulia cha baridi kuganda dunia inaliita "athari ya Mpemba".

Mimi nimesoma sekondari mkoa huo huo wa Tanga. Kanuni tatu za Newton nilizikariri mpaka usingizini. Jina la Mpemba nilikuja kulisikia huku, kutoka kwa kijana wa Kipolandi niliyekuwa naye zamu ya usiku kwenye kufungasha mboga. Alipojua natoka Tanzania, jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa Serengeti wala Kilimanjaro. Aliuliza habari za yule mwanafunzi wa aiskrimu.

Sisemi hivyo kuisifu Ulaya. Huku pia kuna watoto wanaopita mbele ya Newton kila siku wakidhani ni meya fulani wa zamani. Ninachowaonea wivu ni kwamba mji mdogo ulimdai mtu wake, ukang'ang'ania hata kizingiti. Sisi kumbukumbu zetu ni za askari na viongozi. Dar ina Sanamu ya Askari tangu 1927, Kalenga imelihifadhi fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, na ni haki yao. Lakini aliyeuliza swali ambalo wanafizikia bado wanalibishania, huyo tumewaachia wageni wamkumbuke.

Najua tukiamua tutafanyaje. Kutakuwa na kamati, na jiwe la msingi ambalo jina la mgeni rasmi ni kubwa kuliko la Mpemba, na baada ya miaka mitatu rangi imebanduka na mbuzi wamelala kivulini. Kwa hiyo mimi sipigii debe sanamu. Naomba friza. Moja, nzuri, yenye umeme wa uhakika, pale Magamba, na kibao kidogo cha kueleza kisa. Kila mwaka kidato cha tatu waweke vikombe viwili, cha moto na cha baridi, wapime kwa kipimajoto, waandike kwenye daftari lisilotoka shuleni.

Kuna watakaosema athari yenyewe haijathibitishwa. Ni kweli, wapo wataalamu walioipima kwa makini mwaka 2016 wakasema hawakuiona kwenye maji, na wapo waliochapisha 2020 wakionyesha jambo linalofanana nayo kwenye chembe ndogo sana ndani ya maji. Ndiyo maana friza inafaa kuliko shaba. Vikombe vikikataa, waandike vimekataa, na wa mwaka unaofuata wajaribu kwa maziwa.

Hela tunaweza kuchanga sisi tulio nje. Harusi tunachangia kwa mamilioni, friza itatushinda? Kinachonipa shida ni kupajua mahali penyewe. Kama kuna mtu humu amesoma Magamba, hasa wazee wa miaka ya sitini na sabini, naomba atuandikie: friji ile ilikuwa jikoni, maabara, au bwalo? Na lile jengo bado limesimama?