Gunia lenye kilemba

Jamani, huku Njombe gunia la viazi halina mdomo, lina kilemba. Viazi vyangu ndiyo kwanza vimeondoka, na hela niliyobaki nayo hata muuza dawa za ukungu akiiona atanihurumia, yeye ambaye hajawahi kumhurumia mtu.

Dalali kafika asubuhi. "Shikamoo mzee wangu." Dalali akikuamkia kwa adabu namna ile, shika mfuko. Vijana wake wakaanza kujaza. Debe la sita nikasema, kwa sauti yangu ya kamati ya maji, "Vijana, hilo limejaa."

Mmoja akapanda juu ya gunia na mabuti yake, akarukaruka, viazi vikanywea. "Bado, mzee. Lina njaa hili." La saba likamezwa. Kisha wakashonea wavu juu ya mdomo, wakapanga viazi kimoja kimoja kama mafundi wanaopandisha mnara wa msikiti. La nane hilo!

Nikakohoa kiungwana. Nikawakumbusha kwamba sheria ya vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100. Dalali akaafiki kabisa. "Sheria nzuri sana hiyo, mzee wangu. Haya, lete mizani yako tupime."

Mizani! Mimi na mizani wapi na wapi? Bei ni ya gunia, na gunia kwao ni moja tu hata likijengwa ghorofa. Nikafoka, "Basi acheni! Navipeleka Dar mwenyewe!" Wakacheka wote. Mke wangu naye akacheka, tena yeye ndiye aliyechelewa kunyamaza. Nitavipeleka na nini? Vimeshang'olewa, ghala sina, vikikaa juani vinageuka kijani, na Fuso inanguruma pale barabarani kama inanidai. Nikapokea.

Mbolea ya ruzuku nayo inataka namba iingie kwenye simu, na simu iko kwa mtu inachajiwa. Ukungu unaupiga dawa jioni, usiku mvua inaosha. Bwana shamba hana mafuta ya pikipiki, anasema nimtumie picha ya majani. Kwa kiswaswadu hiki?

Jioni kijana wangu kapiga kutoka Dar kulalamika kwamba sahani ya chipsi siku hizi unaweza kuzihesabu. Sasa we mtoto, hela ya kodi ya chumba niliyokutumia juzi, ndiyo unaihesabia chipsi?