Mchicha wa Msimbazi na hesabu za madini tembo

Kila baada ya muda habari hurudi: mboga za mabondeni Dar es Salaam zina madini tembo, yaani metali nzito zenye sumu kama kadimiamu na risasi (“lead”). Siku mbili tatu wateja wanaukwepa mchicha gengeni, kiongozi anatamka bustani zifyekwe, halafu kimya.

Wenye hofu hawajaota. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya mboga za kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, na matokeo yalitia wasiwasi. Kadimiamu ikishaingia kwenye jani haitoki kwa kuosha, na hukaa kwenye figo miaka mingi. Risasi nayo, kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo anayetaka bustani zifungwe leo ana hoja.

Ila hebu tuangalie namba zinavyosomwa. Kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa kadimiamu ni miligramu 0.2 kwa kilo ya mboga za majani, tena mbichi. Watafiti wengi hukausha majani kabla ya kupima, na mchicha karibu asilimia 90 ni maji. Ukikuta miligramu 1 kwenye kilo ya majani makavu, kwenye mchicha wa sokoni hiyo ni kama 0.1, yaani nusu ya kikomo. Asiyejua anagawanya 1 kwa 0.2, anaandika “mara tano ya kiwango”, na mama muuza mchicha wa mtaa wa Kigogo anarudi nyumbani na beseni lake limejaa. Hesabu hii haisafishi kila tuta: ukikuta 4 kwenye makavu, hata baada ya kurekebisha umevuka maradufu. Lakini kati ya nusu na mara tano pana riziki za watu, na sijaona tamko la kufyeka linalosema ni uzito gani uliopimwa, wa majani mabichi au makavu.

Kuna pia suala la chanzo. Vipimo vya 1999 ni vya enzi za petroli yenye risasi, iliyokomeshwa kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ya zamani haijatoka ardhini, sawa, ila mkulima hakuimwaga yeye. Wala hana kiwanda, gereji au karakana ya betri inayotiririsha maji machafu mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mchafuzi ndiye alipe. Kufyeka matuta ni kumlipisha aliye chini ya bomba.

Na mboga zikitoka Msimbazi, jiji halitaacha kula. Zitakuja kutoka kando ya barabara na mabonde mengine ambayo hayajapimwa.

Ningeanza na maji yanayotoka kwenye kila bomba la kiwanda, kisha udongo, tuta kwa tuta. Penye kadimiamu ya wastani, chokaa na mboji hupunguza kiasi kinachopanda kwenye mmea, na bamia au nyanya kwa kawaida hubeba kidogo kuliko majani. Penye udongo ulioharibika kweli, bustani ifungwe, na mkulima apewe eneo jingine kwa gharama ya aliyemwaga.