Kanuni za Udanganyifu Ziandikwe kwa Lugha ya Mwanafunzi

Fungua maelezo ya kozi yoyote ya chuo inayofundishwa mtandaoni. Utakuta jina la mhadhiri, orodha ya vitabu, tarehe za mazoezi na mtihani, kisha kuelekea mwisho aya moja kali: kunakili kazi ya mtu mwingine ni kosa, atakayebainika atapewa sifuri au atafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Chini yake kuna kisanduku cha kuweka alama ya vema kuthibitisha kwamba umesoma na umekubali. Mimi ni mhadhiri wa kozi ya namna hiyo, na ninaamini aya ile imeandikwa kumlinda mhadhiri na chuo. Mwanafunzi haimsaidii chochote.

Tukumbuke anayeisoma ni nani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, ili elimu ya juu imfikie mtu asiyeweza kuacha kazi na familia akaenda kukaa bwenini. Vyuo vingine vingi vimefuata njia hiyo. Kwa hiyo anayesoma ni mwalimu wa sekondari aliyeko wilayani, ni muuguzi anayetoka zamu ya usiku, ni mama anayesubiri watoto walale ndipo afungue kompyuta, au simu tu kama kompyuta hana. Mwanafunzi wa kampasi hujifunza mambo mengi kwa kusikia: wa mwaka wa tatu anamwonya, anagonga mlango wa mhadhiri na kuuliza. Wa mtandaoni ana maandishi peke yake. Tusipomwandikia, hajui.

Chukua jambo la kundi la WhatsApp. Kila kozi inalo, na ni jambo zuri, kwa sababu bila kundi wengi wangekata tamaa kabla ya mitihani. Swali la zoezi linatoka, mjadala unapamba moto, mmoja anatuma jibu lake zima akisema "mfano tu, msikopi". Asubuhi utangulizi ule ule umeshaingia kwenye kazi za watu kadhaa. Nani kakosea? Aliyetuma anaona kasaidia wenzake, kama alivyosifiwa shuleni kwa kushiriki majadiliano ya kikundi. Kanuni inasema "usinakili", lakini haisemi kujadili kunaishia wapi na kunakili kunaanzia wapi. Kwangu nimeandika hivi: jadilini swali mtakavyo, gawaneni vitabu na makala, lakini rasimu yako usimtumie mtu yeyote kabla tarehe ya kukusanya haijapita, hata akiwa rafiki yako wa damu. Tangu hapo sijasikia mtu akisema hakuelewa.

Kuna na suala la kunukuu. Mwanafunzi wetu ni mtu aliyepita kidato cha nne na cha sita akipewa maksi kwa kurudisha madesa, yaani notisi za kukariri, neno kwa neno. Anaingia chuo, ujuzi ule ule unaitwa wizi wa kitaaluma, na hakuna aliyemkalisha akamwonyesha tofauti. Aonyeshwe. Tuseme kitabu kinasema: "Wakulima wadogo hukosa mikopo ya benki kwa sababu hawana hati za ardhi." Mwanafunzi akiandika "Wakulima wadogo hawapati mikopo ya benki kwa kuwa hawana hati za ardhi", bila kutaja mwandishi, ameiba, ingawa amebadilisha maneno. Akimtaja mwandishi lakini akaacha sentensi ilivyo bila alama za kunukuu, bado ana kosa. Akiandika kwamba kwa mujibu wa mwandishi huyo tatizo ni hati, kisha akauliza mbona vikundi vya kuweka na kukopa vinawakopesha wakulima hao hao bila hati, hapo ameanza kufanya kazi ya chuo kikuu. Mifano ya aina hii inajaza nusu ukurasa tu. Wiki ya kwanza iwe na zoezi dogo la kunukuu, lenye maksi, na kile kisanduku kiondolewe kabisa.

Asilimia za Turnitin, programu inayolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine, nazo zimezua imani za ajabu. Wanafunzi wanaambizana kwamba chini ya kiwango fulani uko salama, juu yake umekwisha. Programu ile hupima mfanano wa maandishi, basi. Orodha ya marejeo inaweza kuongeza asilimia, swali la mhadhiri likinakiliwa juu ya kazi linaongeza, jina refu la sheria linaongeza. Wakati huo huo mtu aliyeandikiwa kazi yote na mwingine anaweza kupata asilimia ndogo kabisa. Kwa kutojua hayo watu wanakwenda steshenari kulipia "kupunguza asilimia", yaani maneno yanabadilishwa moja moja mpaka istilahi za fani zinapotea na sentensi haina maana tena. Mwanafunzi aliyekuwa na kazi halali anatoka pale na kazi mbovu, na hela imekwenda.

Akili mnemba ndiyo iliyotuchanganya zaidi. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na muda si mrefu zikaja programu zinazodai kutambua maandishi yake. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu saba kati ya programu hizo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha zilihesabiwa kuwa zimeandikwa na mashine. Insha za wanafunzi wa shule za Marekani zilipita karibu zote. Mwaka huo huo OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa kifaa chake cha utambuzi kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Wanafunzi wetu wengi huandika kwa Kiingereza ambacho ni lugha yao ya pili au ya tatu, walichojifunza kwa misemo ya kukariri. Kumnyima mtu maksi kwa sababu programu imesema hivyo, bila ushahidi mwingine, ni dhuluma. Inaniuma kuona wahadhiri wenzangu wakiifanya kwa haraka namna hii.

Njia ninayoiamini ni kuzungumza na mwanafunzi. Dakika kumi kwa simu ya kawaida zinatosha, wala video haihitajiki, maana bando ni gharama. Mwulize kwa nini alichagua mfano ule, ni hoja gani aliiacha, aya ya tatu aliitoa wapi. Aliyeandika mwenyewe atajibu, hata kwa kusitasita, hata kwa Kiswahili. Najua darasa likiwa na mamia ya watu huwezi kumpigia kila mmoja. Basi tangaza mapema kwamba katika kila zoezi wachache watapigiwa, na kwamba kila mtu atunze rasimu zake. Halafu sema wazi, zoezi kwa zoezi, akili mnemba inaruhusiwa kufanya nini: kusahihisha sarufi sawa, kutafuta hoja hapana, na aliyeitumia aseme ameitumia wapi.

Kwa wanaouza kazi sina huruma. Nairobi imejulikana duniani kwa vijana waliosoma wanaowaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, na hapa kwetu matangazo ya kuandikiwa utafiti yanabandikwa karibu na mageti ya vyuo bila woga. Australia ilipitisha sheria mwaka 2020, na Uingereza ikapitisha ya kwake kwa upande wa England mwaka 2022. Zote zinambana anayeuza na anayetangaza biashara hiyo. Sisi tunamkamata mnunuzi anadisko, yaani anafukuzwa chuo, muuzaji anaendelea kupiga chapa kesho yake. Sioni sababu ya kutofuata mfano huo.

Ila mhadhiri naye anadaiwa. Katika maelezo yale yale ya kozi aandike atajibu maswali ndani ya siku ngapi, mazoezi yatarudi lini, na umeme ukikatika usiku wa kukusanya kazi mwanafunzi afanye nini. Mtu anayejua kuna siku mbili za nyongeza kwa kupunguziwa maksi chache hana haja ya kukimbilia steshenari saa tano usiku. Na zoezi la kwanza lisiporudi mpaka mtihani umeshapita, makosa ya kunukuu yaliyomo yatarudiwa katika la pili na la tatu, kisha tutamwita mwenye kazi mbele ya kamati kwa jambo ambalo tungelisahihisha mapema kwa kalamu nyekundu. Zoezi la kwanza lirudi kabla la pili halijatolewa. Chuo kisichoweza hilo kiajiri wasahihishaji kwanza, ndipo kifikirie kununua programu nyingine ya kunasa wadanganyifu.