Mtoto wa Pasua Anapelekwa Mbeya Kufanya Nini?

Juzi kwenye Hiace ya Pasua, hapa Moshi, abiria wote walikuwa kauli moja: dogo aliyekamatwa sokoni Mbuyuni na simu ya mtu apelekwe gereza la Karanga, akafungwe pamoja na wakubwa, akili imkae. Nikasema sheria hairuhusu. Mama mmoja akanigeukia: "Ndiyo maana wanaiba, wanajua mnawalea." Nimekasirika hadi leo.

Wanalelewa wapi? Ni kweli, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo cha jela. Lakini mtoto asiye na wa kumdhamini anasubiri kesi yake mahabusu ya watoto. Moshi ipo, Arusha ipo. Akitiwa hatiani, na hakimu akiona ni lazima azuiliwe, anapelekwa shule ya maadilisho, yaani mahali watoto waliotiwa hatiani wanapozuiliwa na kufundishwa. Na kwa miaka mingi Tanzania Bara tumekuwa na moja tu, Irambo, mkoani Mbeya.

Kutoka Moshi hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 900. Mama anayepanga nyanya chini pale Mbuyuni atafunga biashara siku ngapi, alipe nauli ya kwenda na kurudi, alale wapi, ili amwone mwanawe kwa saa chache? Hataenda. Si kwamba hampendi, hana hela. Basi mtoto wa miaka 14 anakaa huko bila mama, bila shangazi, bila mwalimu wake wa zamani. Siku akirudi, afisa ustawi wa jamii wa huku hamjui, shule imeshampa mwingine dawati, na wanaomkumbuka vizuri ni wale wale waliomfundisha kuiba. Mnasema tumemwadilisha. Tumemkata kamba zote zilizokuwa zinamshika, halafu tunashangaa akianguka tena!

Ninachotaka kibadilike ni hiki: sheria imlazimishe hakimu, kabla ya kusaini amri ya kumpeleka mtoto mbali, aandike kwa nini adhabu ya kutumikia nyumbani haifai. Njia zipo tayari: kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, mzazi kuamriwa kulipa fidia. Wako watoto ambao wangetulia wakihamishiwa kwa babu Machame au kwa shangazi Marangu, afisa ustawi akiwapitia, wakirudi darasani. Na aliyeibiwa simu angalau angelipwa. Mtoto akienda Irambo, mwenye simu anapata nini?

Umri nao. Anayeweza kushtakiwa kwetu anaanzia miaka 10, wakati Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto tangu 2019 inahimiza usiwe chini ya 14. Kumi! Huyo ni wa darasa la nne. Viboko kama adhabu ya mahakama vifutwe. Wengi wa watoto hawa fimbo wameshazila vya kutosha kabla ya kumwona hakimu. Na asiye na cheti cha kuzaliwa akiandikwa kituoni kuwa ana miaka 18, ulinzi wote huo unaweza kumpita, kwa hiyo penye shaka ahesabiwe mtoto.

Najua nitaulizwa kuhusu waliobaka na waliojeruhi. Wapo, nakubali kwa shingo upande, na familia ya aliyeumizwa haiwezi kuambiwa mshitakiwa amerudi kwa babu yake basi yaishe. Hao wawe na mahali pa kuzuiliwa na kufundishwa. Lakini mahali hapo pawe huku Kaskazini, mzazi afike kwa nauli anayoimudu.

Hatuanzi sifuri. Maofisa ustawi tunao, ingawa ni wachache na majalada yamewazidi. Bunge liandike kifungu hicho, na halmashauri ziwape usafiri wa kufika Pasua, Njoro na Kiboriloni kila wiki, si siku ya kesi tu.