Harambee ni rahisi, kudai ahadi ndiyo kazi

Asante mwandishi kwa habari ya huyu mama, mwenyekiti wetu mstaafu hapa Moshi, aliyechangishia kituo cha yatima miaka yote ile na bado anaupigia debe utalii wa vijijini. Ila utamu wenyewe umeuruka. Ukumbini mtu anasimama, "Laki tano!", makofi, vigelegele. Kesho yake simu haipokelewi. Mama alikuwa na daftari lake la kaunta, aliyelipa anapigiwa mstari mwekundu, ambaye bado, anasubiriwa mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, mbele ya mkewe. Nani angekwepa? (Wapo waliohamia misa ya kwanza, tunawajua.)

Kwenye utalii namuunga mkono mia kwa mia. Mgeni anashuka uwanja wa ndege wa KIA, analala mjini, asubuhi yuko geti la Machame au Marangu kupanda Kilimanjaro. Akishuka na cheti chake, huyoo Serengeti. Kijijini hajaacha hata hela ya soda. Mpeleke kijiji cha Materuni aone maporomoko, akaange kahawa, aitwange kwenye kinu na kuinywa hapo hapo, uone kama mwenye shamba na bodaboda hawatapata chochote.

Na anayesema mlima na michango haviendani, asome kuhusu Kili Challenge ya mgodi wa dhahabu wa Geita na TACAIDS, tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI: tangu 2002 watu wanapanda Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Vituo vyetu vidogo navyo viige, hata kwa kuishia Mandara tu, kituo cha kwanza cha kulala njia ya Marangu.