E20 ya India: Injini Inahimili, Mfuko Ndio Unaoumia

Mwaka 2025 petroli yenye etanoli asilimia 20, yaani E20, ilienea vituo vya mafuta kote India. Tangu hapo wenye vyombo wanalalamika kwamba inaua injini, na serikali inasema hofu hiyo haina msingi.

Kuhusu ulaji wa mafuta, walalamikaji wako sahihi. Lita ya etanoli ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko lita ya petroli. NITI Aayog, taasisi ya serikali yenyewe, ilikadiria mwaka 2021 kwamba magari yaliyoundwa kwa petroli tupu na kurekebishwa kwa E10 (petroli yenye etanoli asilimia 10) yakitumia E20 yangepoteza asilimia 6 hadi 7 ya umbali kwa lita, na pikipiki 3 hadi 4. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita, ikijazwa lita 10, inapungukiwa kilomita 15 hadi 20. Kwa anayepeleka vifurushi kutwa nzima, hiyo ni hela ya chakula.

Watetezi wanataja okteni kubwa ya etanoli, yaani uwezo wa kuhimili mgandamizo bila kulipuka mapema, na kwamba inapoza mchanganyiko unaoingia kwenye silinda, hivyo injini haigongi. Ni kweli, ila faida hiyo huipata injini yenye mgandamizo mkubwa, iliyorekebishwa kwa mafuta hayo.

Kwenye kabureta, kifaa cha injini za zamani kinachochanganya mafuta na hewa, mambo ni mengine. Tundu la jeti, linalopitisha mafuta, halibadiliki, na etanoli huja na oksijeni yake. Mafuta yanakuwa haba, injini inapata joto na kusitasita ukiongeza kasi. Gari lenye sensa ya oksijeni huongeza mafuta lenyewe. Mipira na sili za zamani nazo huweza kuvimba. Chombo kikiegeshwa muda mrefu, etanoli huvuta unyevu; maji yakizidi, yeye na etanoli hujitenga na petroli na kuzama chini ya tangi, pale pale pampu inapofyonza. Kwa hiyo "kuua injini" ni kutia chumvi kwa magari mapya, lakini mwenye pikipiki kuukuu ana sababu ya kuhofu.

Naielewa serikali: India huagiza nje zaidi ya asilimia 85 ya mafuta ghafi, na wakulima wa miwa na mahindi wamepata soko. Kinachonikera ni bei. NITI Aayog ilishauri unafuu wa kodi kufidia upungufu. Serikali sasa inajibu kwamba etanoli yenyewe imepanda bei. Brazil, mwenye gari la flex, linalotumia petroli au etanoli, hulinganisha bei: etanoli tupu ikizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, anajaza petroli. Mhindi hana nafasi hiyo. Angalau pampu moja ya E10 ingebakizwa kila kituo, kwa vyombo vilivyotengenezwa kabla ya Aprili 2023, vipya vilipoanza kuundwa kwa vifaa vinavyohimili E20.